Mvuto wa Chakula cha Haraka kwa Familia: Mfano wa Tabora

Ukitakiwa kueleza kwa nini familia hupenda kula chakula cha haraka pamoja, usianze na unene na shinikizo la damu. Hayo ni madhara. Ulichoulizwa ni mvuto. Mtahiniwa anayehubiri kabla ya kueleza hupoteza alama bure.

Chakula cha haraka ni kile kinachouzwa kikiwa tayari, au kinachopikwa kwa dakika chache mteja akisubiri. Jioni, Tabora mjini, maana yake ni chipsi mayai, mishikaki na kuku wa kukaanga, na kachumbari pembeni. Lakini usidhani kula chakula cha kununua kumeletwa na chipsi. Tabora ni mji uliokuzwa na misafara. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga. Walipewa posho, mara nyingi ya nguo, wakanunulia chakula vijijini. Kambini waligawanyika vikundi vidogo, kila kikundi na chungu chake. Wengine walisafiri na wake na watoto. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, biashara ya chakula cha safari ikahamia stesheni.

Mvuto mkubwa kuliko yote ni mpishi kupumzika. Chukua mama anayerudi kutoka sokoni saa kumi na mbili jioni. Nyumbani kuna mkaa wa kuwasha, ugali wa kusonga na sufuria za kuosha. Wenzake wakila, yeye anainuka kuleta maji, anainuka tena kuleta chumvi, mwisho anakula chakula kilichopoa. Siku ya chipsi naye anakaa. Watoto wanamsikia akisimulia habari za sokoni tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo siku nyingine halipati nafasi.

Kuna pia suala la usawa. Kuku wa nyumbani ana vyeo: firigisi ni ya baba, na mdogo hupewa anachopewa. Kwenye sinia la chipsi hakuna kipande chenye mwenyewe. Mtoto huulizwa anataka kavu au mayai, na pilipili iwekwe au isiwekwe. Swali dogo, ila kwa mtoto wa miaka saba si dogo hata kidogo.

Bei itaje pia, kwa sababu inaeleza mvuto wenyewe. Familia ya watu sita haimudu chipsi kila siku. Hununua sahani mbili baada ya kuuza karanga au asali, wakala kwa mkono kutoka chombo kimoja. Uhaba huo ndio unaoifanya jioni hiyo ingojewe wiki nzima. Ukishaeleza hayo, mafuta yanayokaangiwa mara nyingi yatoshee aya moja.