Ukungu ndani ya taa za gari usipuuzwe

MFANYABIASHARA anayetoka Musoma alfajiri na samaki kwenda Bunda, au mkulima anayesafirisha mihogo kutoka Butiama, hutegemea taa za gari. Ng'ombe anayevuka barabara gizani huchelewa kuonekana iwapo kioo cha taa kimejaa ukungu kwa ndani.

Ukungu huo hutokana na unyevu uliomo katika hewa ya ndani ya taa. Taa ikiwaka, hewa hiyo hupata joto. Kioo kikipozwa ghafla na mvua au maji ya kuoshea, unyevu hugeuka matone. Ndiyo maana tatizo huongezeka wakati wa masika.

Hata hivyo, si kila ukungu ni ubovu. Taa nyingi zina matundu madogo ya hewa, na ukungu mwepesi hutoweka taa ikiwaka kwa muda. Lakini maji yakituama chini, ujue kuna ufa au mpira umelegea.

Kwanza, kagua mfuniko na mpira wa nyuma, kisha zibua matundu yaliyojaa tope. Ikishindikana, fundi aifungue taa, atoe balbu, aikaushe vizuri na kuziba ufa kwa silikoni. Matundu ya hewa yasizibwe, na kioo cha balbu ya halojeni kisishikwe kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huifanya iungue mapema.

Maji yakiachwa, sehemu inayorudisha mwanga hubabuka na soketi hushika kutu. Hapo mwenye gari atanunua taa nzima, wakati mpira na silikoni vingetosha.