LENZI YA PILI: TUNUNUE IPI KWA PESA KIDOGO?

Tangu chama chetu kipewe kamera na mwanafunzi wa zamani wa shule hii, kumezuka ubishi ambao haujapoa hadi ninapoandika makala haya. Kamera yenyewe ni Canon EOS 1200D, aina iliyotoka mwaka wa 2014, na ilikuja na lenzi yake ndogo ya 18-55. Chama kina shilingi 15,000 zilizotokana na mahamri na mbaazi tulizouza siku ya wazazi. Pesa hizo ni za lenzi moja ya mtumba, basi. Tukinunua isiyotufaa itakaa kabatini na mahamri yetu yatakuwa yameliwa bure. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kulichunguza jambo hili na kulieleza jaridani, kwa hivyo wewe unayedhani lenzi ni lenzi tu, njoo tukae kitako.

Tuanze na maandishi yaliyo usoni mwa lenzi, maana wengi huyaona kama namba za bahati nasibu. Namba ya kwanza ni ya milimita. Ikiwa ndogo, kama 18, lenzi huona pana: darasa zima pamoja na dari. Ikiwa kubwa, kama 250, huvuta kitu cha mbali kikaja karibu. Lakini hapa pana jambo. Sensa ya kamera yetu ni ndogo kuliko kipande cha filamu ya zamani ya milimita 35, hivyo huona sehemu ya katikati tu ya picha. Ukitaka kulinganisha na kamera za filamu, zidisha kwa 1.6. Lenzi ya 50 kwetu huona kama ya 80. Mjomba wangu, aliyekuwa akipiga watalii picha ufukweni enzi za filamu, aliichungulia kamera yetu akauliza, "Kwani hii 50 mbona yavuta hivi?" Jibu ndilo hilo.

Namba ya pili ndiyo yenye mambo. Kwenye lenzi yetu imeandikwa 3.5-5.6. Hii hueleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, nayo huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Gawanya milimita za lenzi kwa namba hiyo upate upana wa tundu. Lenzi ya 50 yenye namba 1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Lenzi yetu ikiwa kwenye 50 namba yake huwa 5.6, na tundu ni kama milimita 9 tu. Sasa linganisha eneo la matundu hayo mawili: la kwanza hupitisha mwanga karibu mara kumi ya la pili. Mara kumi, mwenzangu! Yaani picha iliyohitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde utaipiga kwa sehemu moja ya mia.

Kwa nini nashikilia habari za mwanga? Kazi kubwa ya chama chetu ni kukusanya methali, vitendawili na ngano kutoka kwa wazee wa hapa Muyeye na vijiji vya jirani. Kila mzee anayetupa hadithi twampiga picha, kisha twamsafishia moja tukampelekea. Nenda matanga yoyote huku kwetu uitazame ile picha ya marehemu iliyobandikwa kwenye jeneza au kwenye fulana za wajukuu. Mara nyingi imetolewa kwenye kitambulisho, ikakuzwa mpaka uso umekuwa kama uji. Mtu ameishi miaka themanini, kazaa, kalea, kacheza gonda, kazika wenzake, na sura inayobaki duniani ni ile aliyopigwa akiwa amechoka na foleni. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alitwambia waziwazi, "Wajukuu zangu, mnipige nkicheka, nsije nkazikwa na uso wa kipande."

Na wazee hawa tunawapata wapi? Ndani. Nyumba nyingi za udongo na makuti zina madirisha madogo, na sisi hufika jioni baada ya masomo, jua limeshalala. Mzee yu kitandani au kwenye kigoda karibu na mlango. Kumwambia atoke asimame uani ili sisi tupate mwanga si adabu, na wengine miguu haiwabebi. Ukiwasha flashi ya kamera, uso hung'aa kama sahani na ukuta wa nyuma ukawa giza, tena mwenye macho mabovu huyafumba palepale. Lenzi yetu ina kituliza mtikisiko, ni kweli, lakini hicho humtuliza mkono mpigaji. Hakimtulizi bibi anayecheka. Waweza pia kuipandisha ISO hadi 6400, picha ikapatikana, ila itajaa chengachenga kama imenyunyiziwa mchanga.

Sasa wanachama wamegawanyika makundi. Kundi la kwanza lataka lenzi ya 55-250, ati wakapige ndege pale Mto Sabaki unapoingia baharini. Sikatai, pale pana ndege si mchezo, na mchezo wa kuigiza nao hupigwa vizuri kutoka nyuma ya ukumbi ukiwa na lenzi ya kuvuta. Lakini tazama namba zake: 4-5.6. Ndani ya nyumba ya makuti ni kipofu kama hii tuliyo nayo. Kama kazi yetu ingekuwa ndege, ningeinunua bila kusita. Kwa safari moja ya Sabaki kwa mwaka, afadhali kuazima au kukodi ya siku moja.

Kundi la pili linapenda lenzi pana ya 10-18 kwa ajili ya magofu ya Gede, hasa tangu UNESCO iyaingize katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Hawa nawaambia kwa upole: msikiti wa Gede umesimama pale karne na karne, haukimbii, rudini nyuma hatua sita. Milimita 18 zatosha. Wale wachache wanaotaka kupiga vipepeo kwa karibu, kama wale wa mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka wa 1993, wanunuliwe pete za kutenga lenzi na kamera. Hazina kioo ndani, ni bomba tupu, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na lenzi.

Mlezi wetu wa chama alitusikiliza, akatutupia methali: mchagua jembe si mkulima. Ana haki yake. Mohamed Amin, mpiga picha wetu Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984, alipoteza mkono katika mlipuko kule Addis Ababa mwaka wa 1991 na bado akarudi kazini. Kwa hivyo hakuna anayesema kwamba kioo ndicho kipigacho picha. Nami nilimjibu mwalimu kwa heshima kuwa jembe la kulimia mpunga silo la kung'olea visiki, na shamba letu sisi tunalijua.

Tena tunalijua kwa ushahidi. Kila picha ya kamera hizi hubeba ndani yake kumbukumbu ya milimita zilizotumika. Nilikaa kwenye kompyuta ya shule nikazipitia picha zetu za muhula mzima. Nyingi za watu zilipigwa mwisho kabisa wa lenzi, kule 50 na 55, na zilizoharibika aghalabu ni za ndani ya nyumba. Hata wewe mwenye kamera yako nyumbani, fanya hivyo kabla hujatoa senti. Picha zako za zamani zitakwambia unachokosa kuliko muuzaji yeyote.

Kwa hivyo kura yangu ni lenzi ya 50 yenye 1.8. Haivuti wala haipanui, ukitaka ukaribu unatembea. Kasoro yake ni chumba kidogo. Ukisimama mita mbili na kuigeuza kamera wima, unapata kama sentimita 90, yaani kichwa hadi kiunoni mwa mtu aliyeketi. Kwa picha ya mzee ni sawasawa. Kwa familia nzima utajikuta mgongo umegota ukutani, hapo urudishe ile ya 18-55. Kuna pia lenzi bapa ya 24 yenye 2.8, nzuri na nyepesi, lakini mwanga wake ni chini ya nusu ya ule wa 1.8. Jambo jingine: kwenye 1.8 sehemu inayoonekana safi ni nyembamba mno, pua inaweza kuwa safi na jicho limefifia. Lenga jicho, na mwanga ukiruhusu punguza tundu hadi 2.5.

Canon ina 50 za namna hiyo kadhaa. Ya mwaka wa 1990, inayoitwa II, ina kitako cha plastiki na hupiga kelele ikitafuta fokasi. Ya mwaka wa 2015, inayoitwa STM, ina kitako cha chuma na hukaribia hadi sentimita 35. Tukiweza, STM. Tusipoweza, ile kuukuu nayo hupiga picha safi, ila ishikwe kama yai. Habari njema ni kwamba tangu Canon ianze kamera mpya za RF mwaka wa 2018, wengi wamekuwa wakiziuza lenzi zao za EF. Habari ya kuangalia ni kwamba lenzi ya RF haiingii kamera yetu hata ukiipiga nyundo. Tunataka EF au EF-S. Wenye Nikon ndogo kama D3500 wajue kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi ya AF-D itawalazimu kuzungusha kwa mkono.

Mtumba haununuliwi kwa maneno. Muuzaji akikwambia tuma pesa kwa simu halafu nikuwekee kwenye basi, mwage. Ukiwa nayo mkononi, imulike kwa tochi upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na huku pwani kwenye unyevu itaendelea kula kioo. Iache hata kwa bei ya bure. Itikise kidogo usikie kama kuna kinachocheza. Ivishe kwenye kamera, upige ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, kisha uikuze picha utazame pembe zote nne.

Ikishafika kwetu isiwekwe kabatini, maana kabati la ofisi lina unyevu, wala ndani ya mfuko wa ngozi. Tumepata kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu. Atakayekuwa navyo kwao avilete, vipya, si vilivyokwisha lowa. Lenzi haibadilishwi ufukweni, hasa msimu wa kusi upepo unaporusha mchanga. Baada ya safari ya baharini ifutwe nje kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kopo litakaa kwa katibu, na orodha ya nyumba za kwenda kwanza iko naye pia. Yule bibi wa mtaa wa pili ndiye wa kwanza.