Imbo: Pamba Ilivyoupisha Mpunga

Burundi husifiwa kwa kahawa ya milimani, lakini Bujumbura ilikuwa mji wa pamba. Kaskazini yake limetandaa bonde la Imbo, kando ya mto Rusizi, lenye joto na kiangazi cha kukausha vitumba vya pamba vikapasuka vyema. Wabelgiji walilileta zao hilo huko katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1950 wakagawa viwanja kwa familia zilizohamia bondeni, pamba ikiwa sehemu ya masharti. Shirika la COGERCO likawa ndilo linalonunua na kuchambua pamba, na kiwanda cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikasokota nyuzi, kikafuma na kuchapa vitenge. Mbegu zikakamuliwa mafuta, mashudu yakalisha ng'ombe. Safari nzima ya pamba, toka shambani hadi dukani, ilikuwa ndani ya mwendo mfupi. Leo mashamba yale mengi ni mpunga, na COTEBU ilifungwa katika miaka ya 2000, kisha ikafufuliwa na wenye mtaji binafsi kwa jina la Afritextile.

Wapo wanaosema vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 ndivyo vilivyoiua pamba. Vilihamisha watu na kuacha mashamba yakijaa magugu, hilo halina ubishi. Lakini mpunga nao ulipitia vita hivyohivyo, katika bonde hilohilo, na amani iliporudi ukaenea, pamba ikabaki nyuma. Wengine hulaumu mitumba. Ni kweli mitumba iliinyang'anya COTEBU wateja, ila nyuzi za pamba zina soko ng'ambo, kwa hiyo mkulima hakukosa mnunuzi. Alichokosa ni malipo ya haki. Pamba hukaa shambani miezi mingi, hutaka palizi na dawa za wadudu, na bei yake hufuata soko la dunia ambako Marekani huwapa wakulima wake ruzuku. Mnunuzi akiwa mmoja, mkulima hana pa kupelekea magunia yake akipunjwa. Mpunga huliwa nyumbani, na ziada huuzwa siku yoyote, kwa yeyote, kwa fedha mkononi. Kumwita mkulima huyo mvivu, au mtu asiyejali uchumi wa taifa, ni kumdhulumu: alipiga hesabu sahihi kwa ajili ya watoto wake. Mpango wa kuirudisha pamba Imbo utamshawishi pale tu bei itakapotangazwa kabla ya kupanda, ikazidi faida ya mpunga katika shamba lilelile, na fedha zikalipwa siku ya mizani.