Mashine Ikiitwa Irudi Kiwandani, Nani Atatuambia?

Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirejesha mamilioni ya mashine za kusaidia kupumua, zikiwemo Trilogy 100 na 200 zinazotumiwa na wagonjwa wasioweza kupumua wenyewe. Hitilafu ilikuwa kwenye sponji iliyowekwa ndani ili kupunguza kelele. Sponji hiyo ikichakaa huweza kutoa chembe nyeusi na kemikali, na mgonjwa akazivuta pamoja na hewa. Kampuni ilieleza kuwa joto kali na unyevunyevu huweza kuchangia uharibifu huo. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Tangazo la namna hii humfuata mnunuzi aliyesajiliwa. Mashine ikitumika miaka kadhaa Ulaya au Marekani, kisha ikatolewa msaada na kufika kwa kontena kwenye hospitali ya misheni, barua ya tahadhari huishia kwa mwenyewe wa kwanza. Huku kwetu mashine inaendelea kufanya kazi, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili, kabla ya kufunga sanduku, waandike jina la mtengenezaji, aina ya mashine na serial namba, waangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama imetangazwa kurejeshwa, na wamjulishe mtengenezaji mahali inakokwenda. Msaada usiokuwa na karatasi hiyo ni afadhali usubiri.

Kamati nazo zifungue daftari la vifaa. Mara nyingi tunakuta limeandikwa tu "mashine ya oksijeni, moja". Hiyo haitoshi, serial namba ipo kwenye kibandiko, kwa kawaida nyuma au chini ya mashine.

Jambo moja tunalisisitiza. Mkisikia mashine yenu imetangazwa, msikimbilie kuizima ikiwa mgonjwa anaitegemea. Hata tangazo la 2021 lilitaka wagonjwa wa aina hiyo wazungumze na daktari kwanza, kwani kukatizwa pumzi kwaweza kuua haraka kuliko sponji. Mwiteni mganga mfawidhi, tafuteni mashine mbadala, na toeni taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Orodha za vifaa zije pamoja na taarifa ya robo mwaka. Wahasibu wasizizuie kwa sababu vifaa vya msaada havina bei.