Kioo cha Kompyuta Kikipasuka: Tutengeneze au Tununue Nyingine?

Siku hizi kompyuta mpakato imeingia katika nyumba nyingi za watumishi, walimu na wafanyabiashara wadogo, ikakaa mezani pamoja na redio na pasi. Humo mwalimu huandika alama za wanafunzi wake, kijana huandaa kazi zake za chuo, na mama mwenye duka huweka hesabu ya mali iliyoingia na iliyotoka. Kwa kuwa mara nyingi ni moja tu kwa nyumba nzima, tena imenunuliwa kwa akiba ya miezi mingi, siku kioo chake kinapopasuka huwa ni siku ya majonzi. Hapo huzuka mashauri mawili: huyu husema ipelekwe kwa fundi, na yule husema iwekwe kando inunuliwe nyingine.

Ndugu msomaji, swali hilo halifai kujibiwa kwa hasira wala kwa haraka. Hujibiwa kwa kujua mambo matatu: ni kitu gani kilichoharibika, kukitengeneza kutagharimu kiasi gani, na mashine itakayobaki ina thamani gani.

KUTAMBUA UGONJWA

Kioo cha kompyuta si kama kioo cha dirisha. Vioo vingi vya mashine hizi ni tabaka nyembamba zilizobanwa pamoja, na katikati yake mna kimiminiko maalumu kinachosaidia kuunda picha. Nyuma yake huwaka taa ndogo ndogo. Tabaka hizo zikishapasuka, hakuna gundi ya kuziunganisha tena. Kwa hiyo kutengeneza, katika jambo hili, ni kuondoa kioo kibovu na kutia kingine, huku mashine ikibaki ileile.

Hata hivyo, si kila kioo chenye giza kimekufa. Kukiwa na ufa, doa jeusi mfano wa wino uliomwagika, au mistari ya rangi isiyoondoka, hapana shaka kubwa kwamba kioo chenyewe kimeharibika. Lakini picha ikiwa inakuja na kupotea kila kifuniko kinapoinuliwa au kushushwa, yawezekana kosa liko katika waya unaopita kwenye bawaba, na waya huo aghalabu ni wa bei ndogo kuliko kioo. Kioo kikiwa giza, mulika tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, basi ni taa za nyuma zisizowaka.

Jaribio lililo bora kuliko yote halihitaji fundi. Azima waya wa HDMI, uunganishe kompyuta na televisheni ya nyumbani. Ikiwa ni mashine ya Windows na picha haikutokea, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, kisha teremka chaguo moja moja. Picha ikitokea safi katika televisheni, ubongo wa mashine ni mzima na ugonjwa uko upande wa kioo au waya wake. Mistari ileile ikionekana katika televisheni pia, ugonjwa umo ndani ya mashine, na kununua kioo kipya ni kutupa fedha.

Picha ikishapatikana katika televisheni, usiizime mashine kabla ya kunakili kazi zako muhimu katika flashi au diski ya nje. Kioo hununuliwa sokoni, lakini alama za darasa zima na picha za marehemu babu hazina duka.

KUPIGA HESABU

Kosa la kawaida katika nyumba zetu ni kulinganisha bei ya kioo na bei ya kompyuta mpya iliyopangwa dirishani mwa duka. Kwa kipimo hicho kila matengenezo yataonekana rahisi. Kipimo cha haki ni bei ya kompyuta ya aina na umri uleule, iliyokwisha kutumika, lakini iliyo nzima.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mashine kama yako, ikiwa nzima, huuzwa kwa faranga 300,000. Kioo ni 90,000 na ufundi ni 20,000. Jumla ni 110,000, yaani kidogo zaidi ya theluthi moja. Ikiwa viungo vingine ni vizima, tengeneza bila ya kusita. Sasa tuseme betri nayo imechoka, na mpya ni 50,000. Bawaba zimevunjika, na kuzibadilisha ni 30,000. Jumla imefika 190,000, karibu theluthi mbili za thamani yake. Hapo ni heri kusimama. Kanuni inayofaa nyumbani ni hii: matengenezo yote pamoja yasizidi nusu ya thamani ya mashine.

Umri nao una neno lake. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashine ya namna hiyo haifi. Yaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure, ikaendelea kuandika na kupiga hesabu. Lakini mwenye kazi inayodai programu za Windows asiitilie kioo cha bei kubwa.

Iko pia njia ya tatu, ambayo wengi huisahau. Ikiwa kompyuta haitoki nyumbani wala dukani, yaweza kuunganishwa moja kwa moja na televisheni au kioo cha mezani cha mtumba, ikatumika hivyo kwa miaka. Njia hii haimfai mwanafunzi anayebeba mashine yake kila siku, lakini mwenye duka yaweza kumwokolea fedha ya karo.

KUZUNGUMZA NA FUNDI

Vioo havifanani, hata vikiwa na upana mmoja. Kioo cha inchi 15.6 chaweza kuwa na kiungo cha pini 30 au 40, na nukta 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Vioo vya kugusa kwa kidole, na vile vya mashine nyembamba vilivyogundishwa pamoja na kifuniko, ni kazi ngumu zaidi na ghali zaidi. Kwa hiyo mwambie fundi kwa adabu: “Fundi, naomba unionyeshe namba iliyo mgongoni mwa kioo cha zamani, tuiandike kabla hujaagiza spea.” Fundi mwema hatachukizwa na ombi hilo.

Mwandikiane bei ya kioo, bei ya ufundi na siku za dhamana. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa mweupe, kisha mweusi, kisha mwekundu, utazame kama ziko nukta zilizokufa. Fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa. Usimwachie fundi neno lako la siri. Kazi ya kioo hailihitaji. Na ukiuziwa njiani mashine nzima kwa bei ya kushangaza, kumbuka kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Watumishi wenzangu nao wasisahau jambo moja. Mashine yenye namba ya ofisi ni mali ya umma. Isipelekwe kwa fundi wa mtaani hata kama mtumishi yuko tayari kulipa mwenyewe. Taarifa iandikwe, na mwenye dhamana ya vifaa aamue.

MABAKI YASITUPWE OVYO

Ukiamua kununua nyingine, ile ya zamani bado ina thamani. Betri, vitufe, kumbukumbu na chaja huweza kuuzwa kama spea. Diski itoe uihifadhi, kwa maana ndiyo yenye siri zako. Kioo kibovu kisichomwe wala kuvunjwavunjwa na watoto. Vingi vya zamani, vilivyokuwa na taa za mrija, vina zebaki ndani yake. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchini Rwanda kiko kiwanda cha kazi hiyo wilayani Bugesera. Mahali pengine uliza manispaa au fundi anayekusanya mabaki.

Mwisho, vioo vingi huvunjwa na mambo madogo: kalamu iliyosahauliwa juu ya vitufe kabla ya kufunga kifuniko, mashine kuinuliwa kwa kushikwa pembe ya kioo, au mfuko wake kuwekwa chini ya mizigo ndani ya basi. Wafundishe watoto kufungua kifuniko kwa kushika katikati ya ukingo wake wa juu, na kabla ya kukifunga wapitishe mkono juu ya vitufe. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na haina gharama.