Majina hayajafutwa, orodha ya Excel imejificha tu



Majuzi kikundi cha kuchangiana mazishi mtaani kwetu kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya kompyuta. Katibu wao, binti mtaratibu, alifungua daftari la Excel kikaoni aandike michango. Kwa kawaida hubofya kishale kando ya seli, orodha ya wanachama ikashuka, akachagua jina. Siku hiyo kishale hakikuonekana. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, majina yetu umeyapeleka wapi?" Minong'ono ikaanza.

Nilipoitwa, nilibonyeza Ctrl pamoja na 6. Kishale kikarudi, na majina yote yakawepo. Vibonyezo hivyo viwili huficha na kufichua vitu vinavyoelea juu ya jedwali, na kishale ni kimojawapo. Bila shaka mkono wa binti uliteleza. Lakini heshima yake ilikuwa imeshaguswa, ndiyo maana naandika.

Basi kishale kikipotea, anza na jepesi. Bofya seli yenyewe kwanza, maana kishale hutokea tu seli ikichaguliwa. Kisha jaribu Ctrl na 6. Bado? Nenda "Data", halafu "Data Validation", utazame kama kisanduku cha "In-cell dropdown" kimetiwa alama. Ukikuta pameandikwa "Any value", huenda kuna mtu amenakili seli nyingine na kuibandika hapo, na kubandika huko kukafuta mpangilio wa orodha. Nakili seli nzima iliyo jirani yake, ibandike pale, kisha uandike jina upya.

Pengine kishale kipo, lakini orodha ikifunguka ni nyeupe. Usishtuke. Mara nyingi chanzo cha orodha kimebeba safu tupu chini, na Excel imekufungulia kwenye utupu huo. Panda juu, utayaona majina. Dawa ya kudumu ni kuziondoa safu tupu katika sehemu iliyoandikwa "Source".

Wanachama wapya hawamo? Hapo "Source" imeishia kwenye jina la zamani. Mathalani inasoma safu ya 2 hadi ya 40, na mgeni ameandikwa ya 41. Irefushe. Tena matoleo mengi ya Excel huonyesha majina 8 tu kwa mara moja. Wa tisa yuko chini, hajafukuzwa, shuka taratibu.

Na maandishi yakiwa madogo mno hata jina la Mwanaisha likachaguliwa badala ya Mwanajuma, ukubwa wake haubadilishwi ndani ya orodha. Kuza ukurasa mzima kwa "Zoom", na upanue safuwima ili majina marefu yasikatwe. Kosa hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa halipigi kelele: mchango wa mmoja unaingia kwa mwenzake, na siku ya msiba mjane anaambiwa marehemu hakuwa akilipa.

Kwa hivyo makatibu, chapisheni nakala ya daftari kila mwezi, kila mtu alitazame jina lake. Nasi wanachama, kishale kikipotea tuulize kwanza, tusimtie mtu doa. Kompyuta hutengenezwa kwa dakika moja, ila jina la mtu likichafuka husafishika kwa taabu.