Italiki: Maana, Asili na Nafasi Yake katika Uhakiki

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu mtindo wa tamthilia, mara nyingi huandika, "Mwandishi ametumia italiki," kisha akaishia hapo. Jibu kama hilo halijakamilika. Je, italiki ni nini, na hufanya kazi gani?

Italiki ni herufi za chapa zilizoinamia upande wa kulia. Huitwa pia herufi za mlazo. Nomino mlazo imetokana na kitenzi laza, yaani kufanya kitu kilale. Neno italiki nalo limetoholewa kutoka Kiingereza, na asili yake ni jina la Italia, nchi ambako herufi hizi zilizaliwa. Mwaka 1501, mpigachapa Aldus Manutius wa Venice alizitumia kuchapisha kitabu kizima cha mashairi ya Virgil. Aliyezichonga ni Francesco Griffo, akiiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa enzi hiyo.

Zingatia kuwa katika kitabu hicho mlazo haukuonyesha msisitizo, kwa kuwa matini yote ililazwa. Mlazo ulipata kazi hiyo baadaye, wapigachapa walipozichanganya herufi hizi na zile za wima katika ukurasa mmoja. Hapo neno lililolazwa likawa linajitenga na mengine.

Kwa hivyo, mhakiki sharti ajiulize: neno hili limetengwa kwa nini? Katika tamthilia, mlazo aghalabu hubainisha maelekezo ya jukwaani. Ukiyanukuu kama usemi wa mhusika, utakuwa umempa maneno ambayo hakuyasema. Katika riwaya na hadithi fupi, mlazo huweza kuonyesha neno la kigeni, barua, mawazo ya mhusika au msisitizo. Taja kazi hiyo, utoe mfano, kisha ueleze athari yake kwa maudhui au kwa msomaji.

Na wewe mtahiniwa unayeandika kwa kalamu utafanyaje? Piga mstari chini ya anwani ya kitabu. Ukiandika "Utengano umeathiri jamii" bila mstari, mtahini hatajua kama unarejelea dhamira ya utengano au riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Mstari huo mmoja humwondolea shaka.

Mwalimu, wape wanafunzi ukurasa mmoja wa tamthilia mnayoisoma. Waambie watambue kila palipolazwa na waeleze sababu.